Macho 12 ya bomba: shajara ya mradi wa kufundisha upimaji wa macho

Shajara hii naiandika kwa ajili ya wakufunzi wenzangu wa optometria wenye darasa kubwa na vifaa vya kugombania. Hatua za kawaida nitazipita haraka. Makosa nitayaeleza kwa urefu, kwa kuwa anayetaka kuiga kazi hii atafaidika zaidi akijua nilipojikwaa. Gharama zote ni kwa shilingi za Tanzania.

Jumatatu, 3 Februari 2025: Kikapu cha miwani iliyorudi

Katika kabati la kliniki yetu ya mafunzo kuna kikapu cha miwani iliyorudishwa na wagonjwa. Kwa muda mrefu kila aliyekiona aliwalaumu mafundi wa karakana. Wiki iliyopita nilikitoa, nikaketi na lensomita (kifaa cha kupimia nguvu ya lenzi) pamoja na majalada ya wagonjwa, nikapima jozi moja baada ya nyingine. Zilikuwa jozi 17. Kati ya hizo, 3 zilikosewa na karakana kweli. Zile 14 zilizobaki zilitengenezwa sawasawa na cheti kilivyoagiza. Kilichokosea ni cheti chenyewe. Tena 11 kati ya hizo zilirudi na lalamiko moja, ambalo kila mwanafunzi aliliandika kwa maneno yake lakini maana ni ile ile: karibu naona, mbali kuna ukungu. Wale waliokubali kurudi niliwapima upya, nikakuta plasi, yaani nguvu ya lenzi zenye alama ya kujumlisha, imezidi kwa nusu dayopta, na kwa wachache kwa dayopta nzima (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi).

Walioandika vyeti hivyo walikuwa wamefaulu mtihani wa vitendo, baadhi yao kwa alama za juu. Nikaitafuta fomu ya kusahihishia mtihani huo. Ina alama za kunawa mikono, za kumsalimu mgonjwa na kumweleza kinachofanyika, za kutumia jicho la kulia kupima jicho la kulia. Jibu lenyewe lina alama 2 kati ya 20, na linalinganishwa na namba ya mashine ya kompyuta ya kupimia macho, ambayo mwanafunzi ameshaiona kwenye jalada kabla hajaanza.

Kwa msomaji asiye wa fani, retinoskopu ni kifaa cha mkononi kinachotupa mstari wa mwanga ndani ya mboni. Mpimaji huutikisa mstari huo na kutazama mng'ao unaorudi kutoka kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mng'ao ukienda pamoja na mkono, anaongeza lenzi za plasi. Ukienda kinyume, anaongeza za mainasi (zenye alama ya kutoa), mpaka mboni nzima iwake kwa mara moja bila mwendo wowote. Kisha anatoa hesabu ya umbali aliosimama: kwa sentimita 67 anatoa dayopta 1.50, kwa sentimita 50 anatoa 2.00. Mgonjwa hahitaji kusema neno, ndiyo maana kifaa hiki hakina mbadala kwa mtoto mdogo, wala mahali ambapo mashine haipo au umeme umekatika.

Lengo nililojiwekea ni kwamba ifikapo Juni, kila mmoja wa wanafunzi 24 wa mwaka wa pili aweze kupima jicho ambalo jibu lake mimi ninalijua na yeye halijui, asipotee kwa zaidi ya nusu dayopta. Mgonjwa wa kweli hafai kwa zoezi hili. Akipimwa na watu 24 mfululizo atachoka, machozi yatamlengalenga, na hata mimi sitakuwa na hakika ya jibu. Macho ya mazoezi ya plastiki yanauzwa nje, lakini kwa bei ya kuyaagiza na kuyasafirisha tungepata moja au mawili. Nimeamua kuyatengeneza.

Jumatatu, 17 Februari 2025: Toleo la kwanza, limeshindwa

Wazo ni rahisi: bomba la plastiki la maji, lenzi mbele, na karatasi ya rangi ya chungwa nyuma kuwa retina. Nilichukua lenzi ya +20.00 kutoka kwenye sanduku la lenzi za majaribio, kwa sababu inakusanya mwanga kwenye milimita 50 na hivyo jicho linakuwa dogo, la kushikika. Bomba likiwa fupi kuliko hapo, jicho linahitaji plasi. Likiwa refu, linahitaji mainasi.

Nilikata mabomba sita kwa msumeno wa chuma, nikayapima kwa rula, nikayabandika namba. Kisha nikayapima kwa retinoskopu mwenyewe, na hakuna hata moja lililotoa jibu nililokusudia. Bomba la sifuri lilisoma karibu +0.75. Nilidhani mkono wangu ndio wenye matatizo, nikamwomba mkufunzi mwenzangu apime bila kuona majibu yangu. Alipata kama mimi.

Kosa lilikuwa la hesabu, na ningeligundua kabla ya kukata kama ningekaa na kalamu kwa dakika tano. Kwa lenzi ya +20.00, kila milimita moja ya urefu inabadilisha jibu kwa takriban dayopta 0.40. Msumeno wangu ulikuwa unakosea milimita moja hadi mbili, na ukingo wa bomba haukuwa mnyoofu. Kwa maneno mengine, nilitaka kufundisha usahihi wa nusu dayopta kwa kutumia macho ambayo yenyewe yamekosewa kwa nusu dayopta.

Hasara: lenzi moja ya sanduku ilipasuka nilipokuwa naigandua kwenye gundi. Kununua nyingine kumegharimu 35,000. Usigundishe lenzi ya sanduku popote.

Jumatatu, 10 Machi 2025: Toleo la pili

Fundi wetu wa karakana alinisikiliza nikilalamika kuhusu msumeno, akauliza swali moja tu: "Mwalimu, kwa nini lenzi iwe kali hivyo?" Sikuwa na jibu zaidi ya kwamba nilitaka jicho lifanane na jicho kwa ukubwa. Kwa lenzi ya +10.00 mwanga unakusanyika kwenye milimita 100, na kila milimita inabadilisha jibu kwa dayopta 0.10 tu. Jicho linakuwa kubwa kama kikombe cha chai, na mwanafunzi hajali.

Karakana ilikuwa na lenzi 6 za +10.00 za kioo cha plastiki zilizochubuka pembeni, ambazo zisingeweza kuuzwa. Nyingine 6 tulizinunua kwa 8,000 kila moja. Fundi alizikata zienee ndani ya bomba la milimita 50. Safari hii sikukata urefu wa kudumu: ndani ya bomba hilo linateleza bomba la milimita 40 lenye retina kwenye kichwa chake, likiwa limezungushiwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ili lisicheze. Kwa nje nimechora vipimo. Retina ikiwa milimita 100 kutoka mgongo wa lenzi, jibu ni sifuri. Ikiwa 91, jibu ni +1.00, 83 ni +2.00, 77 ni +3.00. Kwa upande wa pili, 111 ni -1.00, 125 ni -2.00, na 143 ni -3.00. Anayetaka namba nyingine agawanye 1,000 kwa umbali wa milimita, kisha atoe 10.

Makosa mawili yalinichelewesha wiki nzima. La kwanza ni kwamba lenzi za miwani si bapa: uso wa mbele umevimba kuliko wa nyuma, na nguvu inayoandikwa kwenye bahasha yake hupimwa kutoka uso wa nyuma. Lenzi 4 ziliwekwa kinyumenyume, uvimbe ukitazama ndani, na macho hayo manne yakawa na makosa ya karibu robo tatu ya dayopta wakati manane mengine yalikuwa sahihi. Nilizigeuza na kuzipitisha kwenye lensomita kwa pande zote mbili: upande mmoja ulisoma +10.00, wa pili +9.25. Uvimbe uangalie nje, kwa mpimaji.

La pili lilihusu mboni. Nilitoboa kadi nyeusi tundu la milimita 12 ili mwanga uingie wa kutosha, na wanafunzi watatu wa kwanza waliojaribu wakaniambia kwamba katikati mng'ao unakwenda na mkono lakini pembeni unakwenda kinyume. Walikuwa sahihi kabisa. Sehemu za pembeni za lenzi nene hukunja mwanga zaidi kuliko katikati yake, na tundu pana linaonyesha zote mbili kwa pamoja. Kwa tundu la milimita 5 tatizo limekwisha. Kadi moja yenye tundu la 12 nimeibakiza kwa makusudi, kwa sababu wapo wagonjwa wenye mng'ao wa namna hiyo, na mwanafunzi lazima ajifunze kutazama katikati.

Ijumaa, 28 Machi 2025: Kipimo cha kwanza, na pete iliyonihadaa

Kila mwanafunzi alipima macho manne, dakika tano kwa kila jicho. Waliopata yote manne ndani ya nusu dayopta walikuwa 5 kati ya 24.

Nilitarajia matokeo mabaya, lakini si ya aina niliyoyaona. Wanafunzi wengi walikosea kidogo kuelekea plasi, kama kikapu kilivyosema. Kundi lingine lilikosea vibaya mno. Nilisimama nyuma ya msichana mmoja aliyekuwa akipima jicho la -3.00. Aliweka +1.00, akatikisa mwanga, akaweka +2.00, kisha +3.00. Mng'ao ulizidi kufifia na kuzidi kuwa mzito. Alipofika +5.00 alinigeukia.

"Mwalimu, mwanga unakwenda na mkono wangu, lakini kila nikiongeza plasi unakufa."

Nilichukua kifaa chake, nikatazama, na kweli ulikuwa unakwenda na mkono. Nikatazama kwa kifaa changu: ulikuwa unakwenda kinyume.

Chuo kina retinoskopu 7. Nne ni za aina moja tuliyonunua zamani, na tatu ni za aina nyingine tulizopewa msaada. Shingoni kila moja ina pete inayopanda na kushuka, ambayo hubadilisha miale itoke imetawanyika au imekusanyika. Miale ikikusanyika kabla ya kufika machoni, mwendo wote wa mng'ao unageuka. Katika aina ya kwanza pete hukaa chini wakati wa kupima. Katika zile za msaada, chini ndiko inakogeuza mwendo. Tulikuwa tumewafundisha wote neno moja, "pete chini", na miaka yote hiyo aliyebahatika kushika kifaa cha msaada alikuwa anapima dunia iliyopinduka. Nadhani wengi walijiokoa kwa kuchungulia namba ya mashine.

Suluhisho ni la aina mbili. Tumepaka alama ya rangi nyeupe kwenye kila retinoskopu mahali pete inapopaswa kukaa. Muhimu zaidi, kabla ya mgonjwa wa kwanza wa siku, mwanafunzi anapima bomba la sifuri akiwa sentimita 67 bila lenzi yoyote. Mng'ao lazima uende pamoja na mkono. Usipoenda hivyo, haanzi kazi.

Alhamisi, 24 Aprili 2025: Masika, namba zilizokaririwa, na uzi

Mvua zimeharibu retina. Karatasi za manila zilinyonya unyevu zikajikunja, na jicho la +2.00 likawa na retina yenye bonde katikati. Tumezitupa na kukata visahani kutoka kwenye mabaki ya bomba, tukavipaka rangi ya chungwa isiyong'aa. Rangi inayong'aa niliijaribu kwanza. Inarudisha nukta kali nyeupe ambayo mwanafunzi huikimbiza badala ya kuufuata mng'ao.

Tatizo la pili lilikuwa la kibinadamu. Matokeo yalipanda ghafla katika wiki moja, nikafurahi, kisha nikashuku. Usiku mmoja nilibadilisha umbali wa retina kwenye macho yote bila kugusa namba zilizobandikwa nje. Kesho yake wanafunzi kadhaa waliandika majibu ya jana, sahihi kabisa, kwa macho ambayo hayakuwepo tena. Sikumwadhibu mtu. Kosa lilikuwa langu la kuacha jicho namba 7 liwe -2.00 kwa siku kumi mfululizo. Sasa mabomba yanasogezwa kila asubuhi na majibu yanakaa kwenye daftari langu.

Hapo ndipo nikarudi kwenye nusu dayopta ya kikapu. Nilimweka mwanafunzi mmoja amsimamie mwenzake kwa rula ndefu, akiandika umbali kila lenzi inapobadilishwa. Wote walianza kwenye sentimita 67. Kisha mkono unanyooka kubadilisha lenzi, mkono haufiki, mwili unainama mbele, lenzi inaingia, na mwili haurudi. Kufikia lenzi ya tatu wengi walikuwa sentimita 50, wengine chini ya hapo, na mwishoni walitoa 1.50 kwa utiifu kama walivyofundishwa. Aliyesimama sentimita 50 alitakiwa kutoa 2.00. Plasi iliyozidi ni nusu dayopta kamili. Aliyefika sentimita 40 alizidisha dayopta nzima.

Jawabu ni uzi wa 1,000 kwa darasa lote. Mwanzoni nilimfungia kila mmoja uzi wa sentimita 67 kwenye mpini wa retinoskopu, na haukusaidia wenye mikono mifupi: waliuvuta ukakaza, wakashindwa kufikia fremu inayoshika lenzi, wakauachia ulegee. Ilibidi niache kung'ang'ania namba moja. Kila mwanafunzi amepima mkono wake mwenyewe. Waliobaki na 67 ni 13. Wengine 11 wamehamia 50, na uzi wao una fundo jekundu na maandishi "toa 2". Uzi unaguswa kwenye fremu kabla ya kusoma jibu la mwisho, si kila wakati, la sivyo mgonjwa anaudhika.

Kijana mmoja hakubadilika pamoja na yote haya. Niligundua kwa bahati kwamba huvua miwani yake kila anaposhika retinoskopu, kwa sababu chuma cha kifaa kinachokaa kwenye nyusi kilimchubulia lenzi mwaka wa kwanza. Ana silinda ya -2.00 machoni (kasoro ya jicho kutopinda sawasawa pande zote), kwa hiyo mstari mwembamba wa mwanga alikuwa anauona kama wingu. Mganga hajigangi. Tumevalisha vyuma vyote saba vipande vya ule mpira wa tairi.

Jumatatu, 19 Mei 2025: Kutoka kwenye bomba kwenda kwa mtoto

Tulipima watoto wa shule ya msingi jirani kwa idhini ya wazazi. Bomba halina pumzi wala udadisi, na mtoto anavyo vyote viwili. Anatazama taa, na akishaitazama jicho lake linajikaza kuona karibu. Mng'ao unabadilika mbele ya macho yako, mara na mkono, mara kinyume. Wanafunzi waliokuwa hodari kwenye mabomba waliganda. Mmoja aliandika -1.50 kwa mtoto ambaye, baada ya matone ya kulegeza misuli ya jicho yaliyowekwa chini ya uangalizi wa daktari wa macho, alionekana kuwa +1.00.

Nilikuwa nimelisahau jambo hili wakati wa kupanga mradi, na ni upungufu mkubwa kwa anayeiga. Tulichofanya ni kubandika picha ya twiga mita 6 mbele na kumpa mwanafunzi wa pili kazi ya kumuuliza mtoto maswali juu yake: ana madoa mangapi shingoni, mkia uko upande gani. Mtoto anayehesabu madoa hatazami taa. Mng'ao ukiyumba, mwanafunzi anaandika "unayumba" na kumpeleka mtoto kwenye matone, badala ya kubahatisha namba.

Ijumaa, 20 Juni 2025: Mtihani na gharama

Kikao cha kubadilisha fomu ya mtihani kilikuwa kirefu kuliko kazi ya mabomba. Nilipendekeza kituo chenye macho manne ya majibu yanayojulikana, na atakayekosea zaidi ya moja arudie kituo hicho. Mwenzangu alisema, kwa haki, kwamba tungewafelisha wanafunzi wengi ambao wangefaulu mwaka jana. Nilijibu kwamba hao ndio walioandika vyeti vya kikapu. Nikaongeza kwamba lengo ambalo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulilipitisha mwaka 2021, la kuongeza huduma ya miwani kwa pointi 40 za asilimia ifikapo 2030, linahesabu huduma yenye tija: mtu aliyepewa miwani na bado haoni vizuri hahesabiwi kuwa amehudumiwa. Tulikubaliana kituo kiwe na alama 8 kati ya 20, na marudio yafanyike ndani ya wiki mbili. Alama za kunawa mikono zimebaki, kama inavyostahili.

Waliopita kituo mara ya kwanza ni 17. Baada ya marudio wakawa 22. Wawili bado wanafanya mazoezi nami saa za jioni. Mmoja ana haraka, mwingine nina wasiwasi kwamba hapendi kazi hii.

Gharama ya macho 12, pamoja na hasara: mabomba ya aina mbili 16,000, lenzi 48,000, rangi na brashi 11,000, gundi 4,500, mpira wa tairi 3,000, manila zilizotupwa 2,000, uzi 1,000, na lenzi iliyopasuka 35,000. Jumla ni 120,500. Kazi ya fundi haimo, kwa sababu alikataa malipo na kuomba bomba moja liitwe jina lake. Ni jicho namba 4.

Ijumaa, 12 Septemba 2025: Kikapu tena

Tangu Julai kikapu kimepokea jozi 5. Sijui kama ni ishara nzuri au wagonjwa wameacha tu kurudisha, kwa hiyo tumeanza kuwapigia simu wiki tatu baada ya kuchukua miwani. Kati ya hizo 5, karakana ilikosea 2, na jozi 1 mgonjwa hakupenda fremu. Mbili zilizobaki ni za plasi iliyozidi kwa nusu dayopta, zote za mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu ambaye hakupitia mabomba. Nimempa uzi leo asubuhi. Amejipima mkono, na ni wa sentimita 50.